Kabla hujamuuza farasi aliyekutia woga

Woga hauanzi siku ya kuanguka. Huanza asubuhi unapojikuta unatafuta visingizio: mvua inanukia, saisi (mtunza farasi) amechelewa, tandiko linataka kupakwa mafuta. Wiki mbili zikipita hivyo, farasi amenenepa na ana nguvu zisizo na kazi, na siku utakayompanda atarukaruka kweli. Hapo ndipo watu huanza kusema, "Muuze tu." Kuuza si kosa, ila kusitangulie uchunguzi.

Anza na maumivu. Mfunge kivulini bila tandiko, kisha bonyeza kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima embe kama limeiva, kuanzia kigongo cha mabega hadi kiunoni, pande zote mbili za uti wa mgongo. Fanya polepole. Misuli ikirukaruka chini ya vidole, mgongo ukididimia kukukwepa, au masikio yakilala nyuma na shingo ikigeuka kutaka kuuma, usimpande mpaka sababu ijulikane. Angalia pia vidoa vya nywele nyeupe mahali tandiko linapokaa. Hivyo ni alama za kubanwa kwa muda mrefu.

Tandiko lenyewe lipime mpandaji akiwa juu: vidole viwili hadi vitatu vipite kati yake na kigongo cha mabega. Baada ya nusu saa ya kazi, livue utazame jasho. Likiwa limesambaa sawasawa, vizuri. Ukiona kiraka kikavu katikati ya jasho, mara nyingi hapo ndipo panapobanwa. Kuna watu huchukua tandiko la farasi aliyekufa wakambandika mwingine, kana kwamba migongo yote ilitoka kiwanda kimoja.

Anayetupa kichwa kila ukivuta hatamu, au anayedondosha vifundo vya nyasi zilizotafunwa nusu, akaguliwe meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote, na kingo zake huwa kali zikakata mashavu kwa ndani. Lijamu ikivutwa, kidonda kinasuguliwa. Mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi. Kwato zipunguzwe kila wiki 6 hadi 8, na msimu wa mvua zinuse: harufu ya uozo maana yake ni kwamba banda limelowa. Na kama ni "mvivu" ghafla, ana homa inayokuja na kuondoka na uvimbe chini ya tumbo, na mnakaa penye mbung'o, mwite daktari wa mifugo apime damu kabla hujashika fimbo.

Sasa uzito, jambo ambalo wapandaji hawapendi kulisikia. Chukua futi ya fundi cherehani. Zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 11,880. Kifua cha 165 na urefu wa 160 vinakupa kilo 367 hivi. Kanuni ya kawaida ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko visizidi asilimia 20, yaani kama kilo 73. Mtu wa kilo 85 akimpanda farasi huyo kisha akalalamika kwamba anarusha mateke, farasi ndiye mwenye haki.

Uzito huohuo ndio unaopangia chakula. Nyasi kavu ziwe asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito kwa siku, yaani kilo 5.5 hadi 7 kwa huyu wetu, zigawanywe asikae na tumbo tupu usiku kucha. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, awe anakula au hali, na vidonda vya tumbo humfanya mkorofi ukaja kumwita mwehu. Kwa upande mwingine, ndoo ya mahindi yaliyoparazwa kwa farasi anayefanya kazi nusu saa mara mbili kwa wiki ni kumwagia moto petroli. Mpunguzie kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14, maana chakula kikibadilishwa ghafla huleta msokoto wa tumbo. Na usimlishe pumba tupu: zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mifupa ndiyo inayolipa.

Haya yote yakiwa sawa na bado mikono inatetemeka, rudi chini. Dakika 20, siku nne kwa wiki, kwa kamba tu: tembea, simama, rudi nyuma hatua tatu, sogeza makalio kushoto na kulia. Farasi anayekupisha akiwa chini mara nyingi atakusikiliza ukiwa juu. Mfundishe breki ya hatamu moja akiwa amesimama: vuta taratibu upande mmoja, shingo ikunje kuelekea goti lako, miguu ikitulia achia papo hapo. Kisha akiwa anatembea, kisha katika troti nyepesi, yaani mbio ndogo. Usiijaribu akiwa kwenye shoti, yaani mbio kali. Anaweza kujikwaa mkaanguka wote. Panda dakika kumi, ushuke kabla woga haujapanda. Ukijikuta umebana pumzi, imba, kwa sababu huwezi kuimba bila kupumua. Barabara yenye boda boda ibaki kwa ajili ya wiki za mwisho.

Jipe wiki sita na daftari. Kama anakwenda vizuri na mpandaji mzoefu lakini kwako anagoma, hamkufaana tu. Kama anasimama wima hadi kujitupa nyuma hata kwa mzoefu, na daktari hakuona ugonjwa, usimuuzie mtu wa kujifunza. Huyo ni wa kazi ya ardhini, au wa kulazwa kwa amani na daktari asiamke tena, na huo si uuaji.

Ukiuza, sema kila kitu. Wenye farasi kati ya Kampala, Jinja na Ziwa Mburo ni wachache na wanazungumza. Panda wewe au saisi kwanza, mnunuzi aone. Usimpe dawa ya kutuliza siku ya kuoneshwa. Andika umri, tabia zake mbaya, na tarehe za chanjo, hasa ya ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi. Wiki mbili za majaribio ni bora kuliko ugomvi.

Mnunuzi akiwa mfugaji wa ng'ombe, muulize anaua kupe kwa dawa gani. Amitrazi, dawa ya kupe anayoipulizia ng'ombe bila wasiwasi, husimamisha utumbo wa farasi. Diminazini, sindano anayowachoma ng'ombe dhidi ya nagana (ugonjwa wa mbung'o), farasi huivumilia vibaya sana. Chakula cha kuku chenye dawa ya monensini humuua farasi kwa kuuharibu moyo. Mwandikie hayo kwenye karatasi, kisha umpakilie gunia la chakula cha siku 14 na tandiko, kama ni lile linalomkaa.