Maswali ya Wasomaji: RAM Iliyomo Ndani ya Mashine ya Solaris

SWALI: Idara yetu imekabidhiwa kompyuta ya Sun Ultra 5 yenye mfumo endeshi wa Solaris 8, nami nimetakiwa nieleze ina RAM (kumbukumbu ya kazi) kiasi gani kabla hatujanunua ya kuongezea. Amri ya vmstat inanipa namba moja, swap -s inanipa nyingine iliyo kubwa zaidi, na hakuna inayolingana na megabaiti 256 zilizoandikwa kwenye hati ya makabidhiano. Niamini ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, amri hizo hazikudanganyi, ila zinajibu maswali ambayo hukuyauliza. Safu ya free katika vmstat huonyesha, kwa kilobaiti, kumbukumbu isiyoshikwa na kazi yoyote, na tena mstari wake wa kwanza ni wastani tangu mashine ilipowashwa. Nayo swap -s inawapoteza wengi, kwa sababu Solaris hujumlisha eneo la diski lililotengwa kupokea data inayohamishwa kutoka kwenye RAM (swap) pamoja na sehemu ya RAM yenyewe, kwa hiyo jumla yake yaweza kuzidi RAM yote iliyofungwa.

Andika hivi, wala huhitaji kuingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo):

/usr/sbin/prtconf | grep Memory

Utajibiwa kwa mstari mmoja, kwa mfano "Memory size: 256 Megabytes". Zingatia herufi kubwa M, kwani grep, amri inayochuja mistari yenye neno unalolitaka, hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Njia kamili ya amri nimeiandika makusudi, maana watumiaji wa kawaida mara nyingi hawana /usr/sbin katika njia zao za utafutaji.

Ukitaka kuthibitisha bila kutegemea Solaris, izime mashine kwa init 0 hadi ifike kwenye alama ya ok, kisha uandike banner; programu ya OpenBoot, ile inayoiamsha mashine kabla ya Solaris, itataja kiasi cha RAM kilichofungwa. Wapo wanaopenda kufika hapo kwa kubonyeza Stop na A. Mimi siwashauri, kwa kuwa njia hiyo huisimamisha mashine ghafla huku watu wakiwa kazini.

Hata hivyo, jumla peke yake haitoshi kwa mtu anayetaka kununua. Ultra 5 ina nafasi nne za RAM, hujazwa mbili mbili kwa vipande vinavyolingana, na kikomo chake ni megabaiti 512. Megabaiti 256 zaweza kuwa vipande viwili vya 128, na hapo mtanunua jozi nyingine ya namna hiyo na kuichomeka tu. Lakini zikiwa ni vipande vinne vya 64, nafasi zote zimejaa na italazimu baadhi viondolewe. Kwa hiyo chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, na uhesabu vipande kabla ya kuagiza chochote.