Milioni 85 ni bei ya nyumba tu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza juzi usiku nikiwa nimeshazima taa. Asubuhi niliurudia, nikaandika maneno yako pembeni ya kalenda ya jikoni nisiyasahau: nyumba Moshono, hapo Arusha, vyumba vitatu, ina hati, muuzaji anataka milioni 85. Una akiba ya milioni 30, na benki wako tayari kukukopesha 60. Ukaniuliza, "Mama, 30 na 60 si 90? Kwa nini watu wananiambia haitoshi?"

Kwanza nikwambie nimefurahi mpaka machozi yamenitoka. Kihamba cha babu yako, shamba la ukoo kule Kibosho, waligawiwa wajomba zako. Sisi mabinti tuliambiwa tutakula kwa waume zetu, na hakuna aliyeinua mdomo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeandika wazi kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi na kuimiliki ni sawa na ya mwanamume, lakini kwetu hakuna binti aliyewahi kuniletea hati yenye jina lake niishike mkononi. Nataka wewe uniletee. Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Waliokwambia haitoshi hawana wivu na wewe. Milioni 85 ni ya kumlipa muuzaji. Kuitoa nyumba kwenye jina lake ikasomeka kwenye jina lako ni safari nyingine, na kila kituo kina nauli yake. Unajua baada ya baba yako kuugua nilipiga chapa mikataba kwa wakili hapa mjini miaka mingi. Wateja wengi walikuja wakiwa wamemaliza hela yote kwa muuzaji, na hati zikakaa kwenye bahasha miaka mitatu, minne, bado zina jina la mtu mwingine. Walikuwa wanalala ndani ya nyumba, lakini kwenye daftari la serikali nyumba haikuwa yao.

Chukua kalamu tuhesabu. Ushuru wa stempu ni asilimia moja hivi, kwa hiyo kwenye 85 weka laki nane na nusu. Yuko mthamini, kwa sababu uhamisho unataka ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuna wakili wa kuandaa mkataba wa mauziano na zile fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35. Kuna ada za kibali na za kusajili. Benki nao wana ada ya kushughulikia mkopo, na watataka bima ya nyumba na bima ya maisha yako. Kila mmoja akuandikie bei yake kwenye karatasi kabla hujaanza. Anayekwambia "tutaongea tu mama" usimkubalie.

Sasa sikia jambo ambalo dalali hatakwambia. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida aliyoipata muuzaji. Akionesha kwamba kiwanja na ujenzi vilimgharimu milioni 50, na anauza 85, faida ni 35, kodi ni milioni tatu na nusu. Kisheria ni ya kwake. Lakini wauzaji wengi wakisema "nataka 85 mkononi" wanamaanisha kodi utabeba wewe, na bila cheti cha TRA kuonesha imelipwa, uhamisho hauendi popote. Wewe ukimpa 25 zako na benki wakampa 60, unabakiwa na tano. Ondoa tatu na nusu, ondoa laki nane na nusu, bado wakili hujamgusa. Umeona? Muulize leo, kwa maneno haya haya: hiyo 85 kodi ya TRA iko ndani au iko nje? Jibu lake liandikwe kwenye mkataba. Na akikushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue, kataa. Mthamini ataiona thamani yenyewe, na siku mkigombana utadai kile tu kilichoandikwa.

Kuhusu ile asilimia 10 ya bei uliyoambiwa serikali ya mtaa wanaidai ili wagonge muhuri: hakuna sheria inayowapa hiyo hela. Nenda kwa mwenyekiti, msalimie vizuri, mwombe akueleze historia ya nyumba ile na majirani, maana anayajua mengi. Lakini muhuri wa mtaa hauhamishi nyumba yenye hati.

Muhuri huo naujua. Nikusimulie jambo ambalo hatukuwahi kuwasimulia ninyi watoto.

Kiwanja hiki tunachoishi tulikinunua mwaka 1998. Muuzaji alikuwa mtu mpole, tuliheshimiana. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari la shule, ile ya mistari, kwa kalamu ya bluu. Baba yako akasaini, muuzaji akaweka dole gumba, mjumbe akasaini, na mtaa wakagonga muhuri uliovuja wino hadi ukafunika nusu ya neno "laki". Nikaikunja mara nne nikaiweka ndani ya Biblia. Nilijiona nimemaliza.

Miaka sita baadaye yule mzee alishafariki. Asubuhi moja nafagia uwanja, namwona mama mmoja amesimama kwenye masale, ile mimea tunayopanda mpakani, amebeba mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nyumba hii mliinunua kwa nani?" Alikuwa mke halali wa yule mzee. Pale tulipobomoa kibanda cha zamani ndipo alipoolewa, ndipo alipojifungulia watoto wake wawili wa kwanza. Wakati tunanunua alikuwa kwao anauguza mama yake. Hakuna aliyemuuliza, hakusaini popote.

Baba yako alikasirika, akasema hela tulitoa. Mimi usingizi ulinipotea. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Yule mama alikuwa na haki, mwanangu. Tulikaa na wazee mara nne, tukafika baraza la kata. Mwishoni baba yako mwenyewe alikwenda mpakani, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea. Unajua kwetu maana yake, ukipelekewa isale huwezi kuendelea kukasirika. Tukamwongezea hela, karibu nusu ya bei ya mwanzo. Ndiyo ile miaka uliyosoma kwa sare moja. Safari hii tuliandika kwa wakili, na yule mama akasaini kwa mkono wake.

Kwa hiyo huyo muuzaji wako muulize ana mke. Kama anaye, mke aje mwenyewe mbele ya wakili na kitambulisho chake, asaini ridhaa. Asiletewe karatasi nyumbani. Kama nyumba ni ya marehemu, aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi ndiye wa kukuuzia, na akuoneshe barua ya usimamizi. Mtoto mkubwa hauzi kwa sababu tu ni mkubwa.

Hati uliyotumiwa picha kwa simu haitoshi. Chukua namba yake, wakili wako aombe upekuzi kwa msajili wa hati. Zamani watu wa Arusha walikuwa wanakuja hapa Moshi kwa kazi hiyo, lakini tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, huna hata nauli ya kutoa. Majibu ya upekuzi yatakwambia nyumba inasomeka kwa nani, kama imewekwa rehani, kama kuna mtu ameweka zuio. Ufanye mara mbili, mwanzoni na tena siku chache kabla hela haijatoka. Katikati hapo mtu anaweza kwenda kukopa.

Na angalia muda. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwenye picha yako nimevuta kwa vidole nikasoma miaka 33, kuanzia 1998. Hiyo inaisha 2031! Mkopo wako ni wa miaka 15. Sijui kama dalali aliliona, ila benki wataliona. Uliza kuongeza muda kunafanyikaje na nani atagharamia, kabla ya kukubaliana bei. Hapo hapo omba stakabadhi za pango la ardhi la kila mwaka. Kama anadaiwa, alisafishe deni lake mwenyewe. Kodi ya majengo haina shida, inakatwa kwenye umeme wa LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Mkopo sitakuzuia. Ila ujue unachosaini. Ulisema riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Milioni 60 kwa miaka 15, rejesho ni kama 840,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza 750,000 inakwenda kwenye riba, na deni lenyewe linapungua kwa 90,000. Mpaka umalize utakuwa umelipa milioni 151. Nilihesabu mara tatu kwa kikokotoo cha simu ya mdogo wako. Muulize ofisa wa benki: nikipata kiinua mgongo au hela ya mazao nikalipa kabla ya muda, kuna faini? Na ukiweza kusubiri mwaka mmoja ukaongeza akiba, ukakopa 50 badala ya 60, rejesho linashuka hadi 700,000. Laki moja na arobaini kila mwezi ni ada ya mtoto. Mimi ningesubiri. Lakini mshahara unaujua wewe.

Jina lako kwenye mkataba liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Hilo jina la ubatizo unaloliandika kwa "n" mbili shuleni na moja NIDA, lirekebishe sasa hivi kwa hati ya kiapo. Nimeona watu wakirudishwa dirishani kwa herufi moja.

Nyumba yenyewe hujaniambia mengi. Maji ni ya bomba la AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, au ya kisima? Visima vingi kuzunguka Meru vina floraidi nyingi, meno ya watoto yanageuka kahawia. Nyuma kuna korongo? Sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka mtoni, na aliyejenga ndani ya hapo hana wa kumlilia. Zile nyufa zinazopanda kutoka kwenye kona ya dirisha, nimeziona kwenye picha ya sebule. Rangi ni mpya ukuta mmoja tu.

Jumamosi nakuja. Nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili na nusu nitakuwa hapo stendi. Mwambie dalali tutaingia kila chumba, tutafungua bomba, tutaongea na majirani wa pande zote nne bila yeye kuwepo. Mpaka hapo usitoe hata ya kishika uchumba, hata wakikwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Ndizi nitabeba.

Mama yako