Barua kwa mwanangu: uchukue dizeli ipi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza uchukue lipi kati ya yale magari mawili madogo ya dizeli: lililotembea kilomita 70,000 za mjini, au la kilomita 190,000 za barabara kuu. Mimi naelekea kwa hilo la pili, ila usitoe hela kabla ya kulikagua.

Kisa ni masizi. Dizeli za siku hizi zina kichujio kwenye ekzosi kinachonasa masizi, kisha huyachoma joto likifika nyuzi kama 600. Safari za dakika kumi hazilifikishi huko. Gari la mjini huanza kuchoma likazimwa katikati, kesho tena hivyo hivyo, mpaka kichujio kinaziba. Isitoshe, dizeli isiyoungua huteremkia kwenye oili. Basi chomoa kijiti cha oili utazame: ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, achana nalo.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ukikuta uvuguvugu, rudi siku nyingine, kwa sababu dizeli iliyochoka hujulikana ikiwaka baridi. Likishawaka, simama nyuma. Moshi mweusi usiokatika, hewa haitoshi au nozeli zinazonyunyizia dizeli zimeharibika. Wa bluu ni oili inayoungua, pengine turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), pengine ringi za pistoni. Mweupe wa mwanzoni ukiisha upesi si neno, lakini ukiendelea huku maji ya rejeta yanapungua, hapo usiguse. Halafu legeza kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: moshi ukitoka kwa kusukumwa, ringi zimekwisha.

Sikiliza pia likiwa limesimama bila gia. Mgongogongo unaobadilika ukikanyaga klachi mara nyingi ni flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi, na kuibadilisha ni gharama kubwa mno. Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, naomba usikubali maneno matupu kwamba umebadilishwa, taka risiti yenye tarehe na kilomita. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na injini imekwenda.

Jambo moja hukuniambia: wewe utaliendesha wapi? Kama ni kilomita tatu kwenda kazini na kurudi, hata hilo la barabara kuu litaziba mikononi mwako, na ningependa utafute la petroli. Nijibu hilo kabla hujalipa.

Mama yako