Hesabu Yetu ni Msimu, Siyo Miezi Mitatu

SWALI: Shikamoo mama. Ninasimamia nyumba salama ya vyumba 6, kimbilio la wanawake wanaopigwa na waume zao, katika kijiji kimoja wilayani Kondoa. Nilipokabidhiwa mwaka jana nilipewa masharti mawili: nyumba isijulikane, na mwanamke asizidi miezi 3. Leo kijiji kizima kinajua tulipo, hadi watoto wanaochunga mbuzi. Mwezi uliopita mume wa mmoja wa wanawake wetu alikuja usiku na baba zake wadogo wawili, wakapiga geti kwa magongo. Tena nina mama wa watoto 4 aliyekaa miezi 9, hana pa kwenda, na wafadhili wanamuulizia kwenye kila ripoti. Nimtoe? Na nyumba niihamishie wapi?
Mratibu, Kondoa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usiku ule. Naujua mlio wa gongo kwenye bati la geti.

Nianze na hiyo siri, maana hapo nilikosea miaka miwili mizima. Nilipoanza kazi hii kwetu mkoani Mara, tulijenga mbali na watu, katikati ya mashamba ya mihogo, tukazungushia ukuta mrefu kuliko wa zahanati. Tukadhani tumejificha. Lakini mtu anayenunua dagaa ndoo nzima kila gulio, anayeagiza kuni mikokoteni 2 kwa wiki, na hana msiba wala harusi, atajificha wapi? Wiki ya tatu kila mtu alijua kuna wanawake humo ndani. Wasichojua ni kwa nini tupo. Basi alipokuja mume wa kwanza na panga, tulipiga yowe hadi sauti zikakauka, hakutoka mtu. Asubuhi mzee jirani, mtu mwenye heshima zake, aliniambia waziwazi: "Tuliwasikia. Tulijua ni mambo yenu ya ndani ya ukuta."

Kwa hiyo usihamishe nyumba. Utakapohamia watakujua vilevile, na utakuwa umepoteza majirani uliokwisha kuwazoea. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, uende na afisa ustawi wa jamii pamoja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto akiwa amevaa sare. Usitaje jina la mwanamke hata mmoja. Waeleze tu kazi ya nyumba, kisha waombe jambo moja wanaloliweza: wakisikia filimbi usiku, watoke. Sisi tuligawa filimbi kwa nyumba 5 zinazotuzunguka. Mgambo wawili wanaishi hatua mia mbili kutoka getini. Tangu hapo amekuja mume mmoja tu usiku, akakuta taa za tochi zimetangulia kufika. Kama Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kijiji chenu imelala, iamshe. Ipo kwa mujibu wa mpango wa taifa, na wajumbe wake ndio wa kwanza kupewa filimbi.

Cha kuficha ni watu, na hapo uwe mkali. Daftari la majina likae kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo shingoni mwako. Chagua bodaboda wawili unaowaamini na usiite mwingine. Jihadhari na pesa za simu: mama akitumiwa elfu 10 na dada yake, akaenda kuitoa kwa wakala wa gulioni, kabla ya jua kuzama shemeji ameshajua yuko gulio gani. Na shule! Hili lilinipata likaniuma. Nilimhamisha mtoto wa darasa la tatu kwa barua ya kawaida, ikarudi kwa mwalimu mkuu wa shule ya zamani ili asaini, jina la shule mpya limeandikwa juu. Mwalimu hakuwa na ubaya, alimwambia baba wa mtoto kama anavyowaambia wazazi wote. Siku ya nne baba alikuwa amesimama chini ya mwembe wa shule. Tangu hapo uhamisho wetu unapitia ofisi ya ustawi wa jamii na ya elimu wilayani, na jina la shule mpya halifiki kule.

Sasa miezi 3. Aliyeipanga, nadhani, alimfikiria mwanamke wa mjini mwenye kazi, anayetafuta chumba cha kupanga. Huyo wako ni mkulima. Kwenu Kondoa mvua ni za msimu mmoja. Mwanamke akikujia Januari, ameacha shamba lenye mahindi ya magotini. Mwezi wa 4 unamwambia muda umekwisha, aende wapi? Ghala liko kwa mume, shamba jipya hana, na hata akipewa leo hawezi kulima hadi mvua za mwisho wa mwaka. Ukimtoa hapo umemrudisha kwa aliyempiga kwa mkono wako mwenyewe. Nimewaona watatu wakirudi hivyo, na mmoja tulimzika. Simwandiki hapa kukutisha. Namwandika kwa sababu ripoti ya robo mwaka ule ilionyesha kwamba "alihitimu" kwa wakati.

Waandikie wafadhili kalenda ya kilimo ya kijiji chako, mwezi kwa mwezi, na uwaombe muda upimwe kwa msimu mmoja kamili wa kulima na kuvuna. Mimi niliwaandikia hivyo, wakakubali baada ya kuja na kukaa siku mbili. Waalike waje.

Huyo mama wa miezi 9 usimtoe, lakini anza kesho kumtafutia mlango wa kutokea, jambo ambalo, samahani, ulipaswa kulianza wiki yake ya kwanza. Mwingine akija, mpe siku chache alale, watoto washibe, PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, na vyeti vya hospitali uvitunze nakala. Kisha muulize: ungependa kulala wapi mavuno yajayo? Wengi watakutajia kwa mama yao mzazi. Hapo ndipo kazi ya nyumba inapoanza, na haiko ndani ya geti lako.

Nikupe mfano. Mama mmoja wa kwetu alipewa na baba yake robo eka nyuma ya boma. Alisomba mawe ya msingi mwenyewe na wanawe, kikundi chake cha VICOBA kikamkopesha, sisi tukaongezea matofali ya kuchoma 4,000 na bati 24. Vyumba viwili, mlango wenye komeo la ndani. Kabla ya tofali la kwanza nilimzuia hadi kipande kile kiandikwe. Kaka zake walinuna: dada hatumwamini baba? Lakini ardhi ya mdomo hufa na aliyeisema. Tulipeleka suala halmashauri ya kijiji, likaingia kwenye muhtasari, na baadaye akapata hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haina nguvu. Baba yule alifariki miaka miwili baadaye. Nyumba ingalipo, na mbele yake ana matuta ya viazi vitamu.

Asiye na kwao ndiye mgumu. Huyo muombee ardhi kijijini hapohapo kwenu: halmashauri ya kijiji inagawa, mkutano mkuu unaridhia. Ndiyo sababu nyingine ya kuufanya mkutano ule uwajue. Kijiji hakimpi kiwanja mtu aliyefichwa nyuma ya ukuta.

SWALI: Mke wa mdogo wangu yuko kwenye nyumba ya aina hiyo. Ukoo tulitoa ng'ombe 12. Wazee wanasema arudi yeye au warudi ng'ombe. Mimi ni kaka mkubwa, nimewekwa katikati. Nifanyeje?
Msomaji, Serengeti

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuandika kabla ya kwenda na wazee getini. Madai ya ng'ombe, kama yapo, ni kati yenu na wakwe zenu, na yana mabaraza yake. Mtu hashikwi rehani ya mifugo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na sheria hiyohiyo hairuhusu kesi ya kumlazimisha mke aishi na mumewe. Wewe una sauti ambayo msimamizi wa nyumba ile hana: mdogo wako anakusikiliza. Muulize alimpiga kwa nini, na umsikilize hadi mwisho bila wazee kuwapo. Na watoto wakiwa kule, wapelekee gunia la mahindi kupitia kwa afisa ustawi wa jamii. Ni watoto wenu.

SWALI: Niko nyumba salama mwezi wa pili. Nimesikia mume wangu anataka kuuza nyumba tuliyojenga wote. Jina ni lake. Mimi sikuwa na mshahara, nilipika, nililima, nilichota maji ya kufyatulia tofali. Nina haki gani?
Mama wa watatu

JIBU: Mama, unayo, na ufanye haraka. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwenzi kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, hata kama jina ni lake. Kuondoka kwako kuokoa maisha hakujaivunja ndoa. Kuhusu kazi ya mikono: mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai siku ile, lakini wanawake wengi wamesimama juu ya hukumu hiyo tangu hapo.

Leo hii mwombe msimamizi wako akuandikie barua kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, mkiwaarifu kwamba wewe ni mke, hujaridhia mauzo, na wasigonge muhuri kwenye hati yoyote. Barua iende nakala mbili, moja irudi na sahihi ya mpokeaji na tarehe. Wakati huo mtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya, huduma yake ni bure, akusaidie kuweka zuio. Andika pia majina ya watu waliokuona ukichota yale maji: fundi, jirani, aliyekukopesha ndoo. Andika sasa, ukiwa bado unawakumbuka.