Maswali ya Wateja Ndiyo Maudhui Yako

Uliza namna ya kutangaza biashara ndogo mtandaoni, na ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuposti kila siku. Uposti nini, hakuna anayekuambia. Matokeo yake ndiyo yale tunayoyaona: kurasa zilizojaa "Jumatatu njema wateja wetu", maua yaliyopakuliwa na picha za bidhaa ileile hadi mtu anachoka. Mimi nashona mikoba ya ngozi kwa mkono, na sehemu kubwa ya oda zangu huingia kupitia simu. Kinachozileta ni kujibu maswali hadharani, hata kama wiki nzima nimeposti mara moja tu.

Fungua jumbe za wateja wako urudi nyuma kadiri unavyoweza. Utakuta maswali ni yaleyale, yamebadilika maneno tu. Kwangu mimi ni haya: hii ni ngozi kweli? Ikinyeshewa je? Mkanda hautang'oka? Mtu mmoja akiuliza, wapo wengine wengi waliokuwa na swali hilohilo, wakaona tabu kuuliza, wakapita. Hao waliopita kimya ndio unaowapostia.

Chukua hilo la mkanda. Ningeweza kuandika "mikoba yetu ni imara na ya kudumu", maneno ambayo hata muuza mikoba mibovu anayaandika. Badala yake nilirekodi video fupi nikionyesha mshono wenyewe: uzi mmoja, sindano mbili, kila tundu linapitiwa kutoka pande zote mbili. Kisha nikachukua mkasi nikakata mshono mmoja mbele ya kamera na kuuvuta mkanda kwa nguvu. Haukufumuka, kwa sababu mishono ya jirani bado imeshikilia. Nikaeleza pia kwamba cherehani hushona kwa nyuzi mbili zinazojifunga katikati ya ngozi, na mshono wa namna hiyo ukikatika huwa rahisi zaidi kufumuka. Haina muziki, haina madoido, na sauti yangu humo inakwaruza. Lakini ndiyo video ambayo watu wanatumiana, na hadi leo anayeuliza kuhusu mkanda namtumia hiyohiyo, tunaendelea na mazungumzo ya rangi.

Swali la ngozi ni gumu zaidi, na ndiyo maana lina faida zaidi. Ipo bidhaa inayotengenezwa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa upya kwa gundi, nayo huuzwa kwa jina la ngozi. Nikilieleza hilo, mteja anajifunza kitu hata asiponunua kwangu. Naeleza pia udhaifu wa ninachouza: jua kali hupausha rangi, maji huacha alama, na mkoba uliolowa hukaushwa kivulini, si karibu na moto. Kuna watakaosikia hivyo na kuondoka. Waende salama, hao ndio ambao wangerudi na mkoba mkononi wakidai fedha zao.

Sasa hili la "bei njoo inboksi". Sijui nani alilianzisha, ila naamini limefukuza wateja wengi kuliko bei zenyewe. Mtu anayeficha bei huonekana anataka kwanza akupime mfuko. Kama kazi yako inategemea vipimo au malighafi, andika "kuanzia" kisha taja kinachoipandisha. Atakayekuja inboksi baada ya kuiona bei amekuja kununua.

Kuhusu picha sina mengi. Futa lenzi ya simu, kaa karibu na dirisha mchana, na weka kitu kinachofahamika ukubwa wake kando ya bidhaa. Mkono wa mtu unatosha.

Namba ya wanaopenda machapisho yako isikusumbue sana. Picha zangu zinazopendwa zaidi hupendwa na mafundi wenzangu, na mafundi hawaninunulii mikoba. Wanunuzi wangu wengi hawajawahi kubonyeza kitu chochote, hutazama kimya, siku moja wakaandika "bado ipo ile ya kahawia?"

Ndiyo maana naipa WhatsApp uzito kuliko ukurasa wowote. Toleo la biashara, lililotoka mwaka 2018, ni la bure, na tangu 2019 lina katalogi ya kupanga bidhaa na bei. Zitumie zile lebo zake: aliyeuliza, aliyelipa, anayesubiri mzigo. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: ujumbe unaoutuma kwa watu wengi kupitia orodha ya kawaida ya matangazo (broadcast) humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo mteja akishalipa, mwombe palepale aihifadhi, na umwambie sababu, kwamba utamjulisha mzigo mpya ukiingia. Wengi hawakatai. Ukishaomba ruhusa ukaipata, usiitumie kuwatumia watu salamu za asubuhi.

Namba za wateja wako ziandike pia mahali pengine nje ya simu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Zote ni za mmiliki mmoja, aliyeinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp 2014, hivyo aliyedhani amegawanya biashara yake katika mitandao mitatu alijikuta hana hata mmoja. Na si lazima mtandao uzimike. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za biashara, na wenye kurasa hawakuulizwa. Ukurasa ni nyumba ya kupanga. Daftari la wateja ni lako.

Mteja akilalamika hadharani, usifute. Mjibu kwa ufupi palepale, mhamishie faraghani kumaliza tatizo, kisha rudi uandike lilivyomalizika. Wanaosoma hawatafuti fundi asiyekosea, wanataka kujua ukikosea unafanyaje.

Matangazo ya kulipia ndiyo ninayoyaweka mwisho, ingawa mitandao yenyewe itakusukuma uanze nayo: kila ukiposti, kitufe cha kulipia hicho hapo. Usilipie chapisho kwa sababu halijatazamwa. Kama halikumvuta mtu hata mmoja kuuliza swali, fedha yako itawaonyesha watu wengi zaidi kitu kilekile kisichovuta. Lipia lile ambalo tayari limeleta maswali, kwa kiasi kidogo ambacho hata kikipotea hutalala vibaya, na uelekeze tangazo kwenye ujumbe ili anayevutiwa aweze kuandika mara moja. Utalijuaje chapisho hilo? Kila anayenunua muulize amekuonea wapi, uandike kando ya jina lake kwenye lile daftari. Akisema rafiki yake alimtumia video, muulize ni video ipi.