Panga gredi kwanza, ndipo uchore grafu

Gredi za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ni 12, na mwalimu yeyote wa Nairobi anajua kuwa B+ ni bora kuliko B. Python, lugha ya kuandikia programu, hailijui hilo. Ukiipa gredi kama maandishi ya kawaida kisha uiambie izipange, itafuata mpangilio wa alama ndani ya kompyuta: A, A-, B, B+, B-, C, C+, na kuendelea. Usipoiambia chochote, `value_counts()`, amri ya kuhesabu kila gredi imetokea mara ngapi, huanza na gredi iliyopatwa na wengi na kuteremka. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu grafu hutoka nadhifu, nguzo zikishuka moja baada ya nyingine, na hakuna anayeweza kuona kama wanafunzi wamerundikana katikati au wamegawanyika juu na chini.

Gredi ni data zenye ngazi. Ngazi hizo lazima uzitaje wewe mwenyewe, hapa kwa pandas (maktaba ya Python ya kuchakata data) na matplotlib (ya kuchora grafu):

```python
import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt

gredi = ["A","A-","B+","B","B-","C+",
         "C","C-","D+","D","D-","E"]

df = pd.read_csv("matokeo.csv")
df["gredi"] = (df["gredi"].str.upper()
    .str.replace(" ", "")
    .str.replace("[–−]", "-", regex=True))

geni = df.loc[~df["gredi"].isin(gredi), "gredi"]
print(geni.value_counts(dropna=False))

df["gredi"] = pd.Categorical(df["gredi"],
    categories=gredi, ordered=True)
idadi = df["gredi"].value_counts().sort_index()

fig, ax = plt.subplots(figsize=(9, 4.5))
nguzo = ax.bar(idadi.index.astype(str), idadi.values)
ax.bar_label(nguzo)
ax.set_xlabel("Gredi")
ax.set_ylabel("Idadi ya wanafunzi")
fig.tight_layout()
fig.savefig("gredi.png", dpi=200)
```

Tafadhali usiiruke mistari ya `geni`, inayoonyesha gredi zisizo kwenye orodha. Matokeo yaliyonakiliwa kutoka PDF au Word huja mara nyingi na kistari kirefu badala ya kile cha kibodi. Machoni "C–" na "C-" ni kitu kimoja, lakini kwa pandas ni vitu viwili. `pd.Categorical` ikikutana na thamani isiyo kwenye orodha yako huigeuza kuwa tupu bila kusimamisha programu, kisha `value_counts()` huziacha tupu zote nje ya hesabu. Wanafunzi wanapotea na hupati ujumbe wowote wa kosa. Linganisha `idadi.sum()` na `len(df)`. Zikitofautiana, tofauti yote iwe imeonekana tayari kwenye `geni`.

Faida nyingine ya kutaja ngazi: gredi isiyopatwa na yeyote hubaki kwenye mhimili ikiwa na sifuri. Pengo kati ya B na C+ ni habari, lisifichwe.

Data za ngazi pia hukuruhusu kujumlisha kutoka juu. `(idadi.cumsum() / idadi.sum() * 100).loc["C+"]` inakupa asilimia ya waliopata C+ au bora zaidi, alama ya chini ya kujiunga na shahada, na hiyo ndiyo namba ambayo wazazi huuliza. Ila jihadhari na `df["gredi"] >= "C+"`. Kwa pandas cha kwanza kwenye orodha ndicho kidogo, na hapa tumeanza na A, kwa hiyo utaletewa C+ kushuka hadi E. Ukitaka kulinganisha hivyo, andika orodha kuanzia E.

Data za majina tu, zisizo na ngazi, ni rahisi zaidi. Ukiuliza watu wanafikaje kazini, matatu haiko juu wala chini ya bodaboda, kwa hiyo kupanga kutoka nyingi hadi chache kunafaa kabisa. Laza nguzo kwa `ax.barh` ili majina marefu kama "Gari la kibinafsi" yasomeke bila kuinamisha shingo, kisha ongeza `ax.invert_yaxis()`, maana `barh` huanza kuchora chini. "Nyingine" iwekwe mwisho hata kama ni nyingi. Kazi kubwa hapa ni tahajia: "boda", "Boda boda" na "bodaboda" zitakuwa nguzo tatu mpaka uziunganishe kwa `.replace()`.

Darasa la wanafunzi 52 halilinganishwi na la 31 kwa idadi. Tumia asilimia:

```python
pd.crosstab(df["darasa"], df["gredi"],
    normalize="index", dropna=False) * 100
```

Bila `dropna=False`, gredi ambazo hazikupatwa na darasa lolote huondolewa kwenye jedwali. Na chini ya kila grafu ya asilimia andika idadi ya wanafunzi wa kila darasa, kwa kuwa mwanafunzi mmoja kati ya 31 ni zaidi ya asilimia 3, na mabadiliko madogo kiasi hicho hayatoshi kumlaumu wala kumsifu mwalimu.