Aliyepigwa na mumewe hahitaji hela ya wakili kufungua kesi

Dada uliyeuliza, pole sana wewe na mdogo wako. Umesema mumewe amempiga mpaka akavunjika mkono, na kuna mtu kawaambia bila hela ya wakili hakuna kesi. Amewadanganya. Hapa Tanzania kumvunja mtu mkono ni jinai, na kesi ya jinai inaendeshwa na Jamhuri. Mwendesha mashtaka analipwa na serikali, mdogo wako ni shahidi. Halipi kufungua jalada, halipi PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), halipi mpelelezi.

Ninayosema nimeyaona kwa mpwa wangu, niliyemsindikiza tangu kituoni mpaka hukumu. Pale kaunta tuliambiwa turudi tukayamalize nyumbani kwa sababu ni mambo ya mke na mume. Nikaomba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto, kitengo cha polisi cha kesi za ukatili kama huu, na mambo yakabadilika. Askari wa kike alimpeleka chumba cha pembeni, akamsikiliza bila kumkatiza, ndipo akaandika maelezo. Kwa hiyo ukifika kituoni ulizia Dawati moja kwa moja. Na mtu akikwambia kumpiga mke ni kumrudi, mjibu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumpiga mwenzake.

Msitoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, na PF3. Fomu hiyo daktari anaijaza na inarudi polisi, ndiyo itakayosomwa mahakamani. Kama alishatibiwa kabla ya kuripoti, cheti cha hospitali na picha ya eksirei visipotee. Yapo pia maeneo yenye vituo vya Mkono kwa Mkono, kama hospitali ya Amana pale Ilala: daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri nasaha wote mahali pamoja, aliyeumizwa hazungushwi akirudia habari yake kila mlango. Na kwa wengine mnaosoma: aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazina msaada.

Sasa sehemu ngumu. Fomu zote tulizipata, lakini kilichotaka kuiua kesi ni ndugu. Wazee wa upande wa mume walikuja na maneno matamu, wakaja na habari za watoto, mwisho wakaleta ahadi ya hela ili mpwa wangu asitokee mahakamani. Shahidi mkuu akikosa kufika, kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, halafu inafutwa. Wanajua hilo vizuri sana. Kwa hiyo kila tarehe lazima awepo mtu wa kwenda naye, wa kukaa naye benchi moja, wa kumrudisha salama. Nauli ichangeni mapema. Akitishiwa, mjulisheni mpelelezi siku hiyo hiyo, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye ajue, hasa kama kuna watoto ndani. Kwa watoto kuna namba 116, kupiga ni bure. Mtu akitiwa hatiani mahakama inaweza pia kumwamuru alipe fidia. Mwambieni mwendesha mashtaka aiombe, na risiti za matibabu mziweke.

Wakili atahitajika akitaka talaka, matunzo ya watoto au mgawanyo wa mali, maana hizo ni kesi za madai, siyo jinai. Hapo nako asiuze shamba. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanasaidia wasio na uwezo bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengine wako huko huko kwenye kata. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii, atawaelekeza. Talaka kwa kawaida inapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ila wasimchanganye: usuluhishi wa ndoa hauzuii kesi ya kuvunjwa mkono kuendelea.

Kama mko Dar na hana wa kumsindikiza siku ya kwanza, nitumie ujumbe pembeni. Nitaenda naye.